Mlimwita Mpole

Wanangu, kaeni chini kidogo. Sina nguvu ya kugomba, wala sikuwaita ili niwagombeze. Maneno haya nimeshawaambia baba zenu, nikawaambia kaka zenu, na bado kila likizo ya Desemba naona vitoto vya sungura vikiletwa mtaani ndani ya boksi la sabuni, watoto wakipiga makofi. Basi nayasema tena, polepole, maana goti limeniamsha tangu alfajiri.

Huyu mweupe mnayemwona barazani kwangu mlimjua kabla yangu. Alikaa nyuma ya ile nyumba ya kona, katika banda la mbao lenye sakafu ya wavu wa kuku. Wapangaji walipohama waliacha godoro bovu, ndoo iliyopasuka na yeye. Nilipouliza habari zake, kila jirani alinijibu neno lile lile: mpole. Hana shida huyo, mzee. Harukiruki, hapigi kelele, ukimshika hakimbii. Mtoto mmoja aliyekuwa akicheza naye zamani alinihesabia kwa vidole madarasa aliyopita tangu sungura yule aletwe, tukapata miaka saba.

Nikamtoa, nikamkalisha juani, nikauona huo upole. Sungura hana nyayo ngumu kama za mbwa. Chini ya mguu ana manyoya tu, na akikaa juu ya waya mwaka hadi mwaka manyoya yanakwisha, ngozi inapasuka, kidonda kinachimba kuelekea mfupani. Vidonda vyake vilikuwa vimechimba miguu yote miwili ya nyuma. Kucha zilikuwa zimepinda kwa kukosa kukatwa. Masikio yalikuwa yamejaa magamba mazito ya utitiri. Mapaja yalikuwa yamebabuka kwa mkojo, kwa sababu hakuweza tena kujiinua vizuri akienda haja. Tulimpima kwa mizani ya duka la nafaka: kilo mbili na nusu. Mbegu yake ni New Zealand White, na mkubwa wa mbegu hiyo hufika kilo 4 au 5.

Hakukimbia kwa sababu kila hatua ilimuuma. Ndicho mlichokiita upole.

Sungura wa hadithi za bibi zenu ana maneno mengi, anamshinda fisi, anamshinda simba. Yule ni wa porini, ndugu wa mbali. Huyu wa kufugwa asili yake ni Ulaya, upande wa Hispania na Ureno, na hana hila hata moja mbele ya mwanadamu. Kitu kimoja tu wamefanana: wote wawili ni chakula cha wengine. Mnyama anayewindwa hujifunza kuficha ugonjwa, maana anayechechemea ndiye anayekamatwa kwanza. Kwa hiyo sungura akiumwa hatakulilia. Atajikunyata pembeni na kusaga meno taratibu, na wewe utapita na kusema leo ametulia.

Na sisi hapa hatumjui sungura mzee. Anayefugwa kwa nyama huchinjwa akiwa na miezi michache. Simkatazi mtu, nyama yake ni halali na imesomesha watoto wa watu. Lakini aliyetunzwa vizuri huishi miaka minane, kumi, hata kumi na miwili. Ukimpa mtoto wa darasa la kwanza sungura awe rafiki yake, umempa rafiki wa kumfikisha sekondari. Nani kati yenu alipiga hesabu hiyo siku ya boksi la sabuni?

Sasa nisikilizeni kuhusu kumtunza, kwa sababu huruma bila maarifa nusura imuue mikononi mwangu. Jambo la kwanza nililotaka kufanya ni kumwogesha, maana alinuka. Kwa bahati daktari wa mifugo alinizuia kwa simu. Sungura ukimtumbukiza majini anaweza kupatwa na mshtuko na baridi akafa. Husafishwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, pale pachafu tu, kisha hukaushwa. La pili, nilikuwa na vidonge vya amoksilini vilivyobaki ndani, nikasema nimpe kidogo kwa ajili ya vidonda. Daktari alinyamaza kwanza, kisha akaniambia: Mzee, hiyo kwa mdomo ni sumu kwake. Tumbo la sungura linaendeshwa na vijidudu vyema vinavyochachusha majani, na penisilini na ndugu zake huviua, vikabaki vibaya. Dawa ya binadamu msimpe, hata kwa nia njema. Na magamba ya masikio msiyabandue, mtamtoa damu. Daktari alimpa dawa ya utitiri, akarudia baada ya wiki mbili, na magamba yakadondoka yenyewe.

Meno ndiyo yaliyonisikitisha zaidi. Meno ya sungura hukua maisha yote, yale ya mbele kiasi cha milimita mbili au tatu kwa wiki. Kinachoyasugua ni nyasi, kutafuna nyasi mchana na usiku. Huyu alilishwa pumba na ugali wa jana. Vitu laini havisugui kitu, kwa hiyo meno yalirefuka yakapishana, ya nyuma yakawa na ncha zinazokata ulimi. Ana njaa na kula kunamkata. Jirani mmoja alinishauri niyakate kwa koleo. Msifanye hivyo kamwe, jino linapasuka hadi kwenye mzizi. Sisi wa Morogoro hatuna cha kujitetea katika hili, maana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinafundisha madaktari wa wanyama hapa hapa mjini kwetu. Mbali kidogo na mji, mtafuteni afisa mifugo wa kata.

Chakula chake sasa ni majani makavu, hei ile ya wafugaji wa ng'ombe, tele, asikose saa yoyote. Juu yake namwekea mchunga na majani mengine mabichi, kwa kuongeza kidogo kidogo, kwani tumbo lililozoea pumba halipokei shehena ya majani kwa siku moja. Maji namwekea kwenye bakuli zito, maana shingo yake haipendi tena kuinuka. Na kila asubuhi, kabla ya chai yangu, natazama mavi yake. Msicheke, wanangu. Yakiwa mengi, ya duara na makavu, tumbo linakwenda. Yakiwa madogo au hayapo, sinywi chai. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake likisimama linajaa gesi. Akikaa saa 12 bila kugusa chakula, hiyo ni dharura, usiseme tuone kesho.

Kuna kinyesi kingine, laini, ambacho sungura hukila mwenyewe moja kwa moja kinapotoka. Msimwone mchafu, Mungu amemwekea humo vitamini zake. Lakini mzee mwenye mgongo mgumu hawezi kujikunja akakifikia, kinaganda kwenye manyoya, nzi wanataga, na kabla siku haijaisha funza wameshaanza kumla akiwa hai. Ndiyo maana namgeuza asubuhi na jioni. Joto nalo, hasa Februari hii yetu, linamuua upesi kwa sababu hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa masikio. Namlowesha masikio kwa kitambaa, na chupa ya maji ya barafu niliyoifunga kanga namlazia ubavuni.

Ana miezi kumi na tano kwangu. Vidonda vya nyayo vimefunga, kwa sababu sasa analala juu ya mkeka na nyasi nene. Amefika kilo tatu na robo. Viungo havitapona, daktari aliniambia wazi, na jicho la kushoto limeingia mtoto wa jicho. Kila siku anapata dawa ya maumivu kwa kipimo cha daktari. Siku maumivu yatakapoishinda dawa nitamwita daktari amlaze kwa sindano, mimi nikiwa nimemshika. Sitampiga rungu, wala sitamwachia porini nikijidai nimempa uhuru.

Mtaniuliza, kama mlivyokwisha kuniuliza, kwa nini mzee anahangaika na mnyama asiyeleta hata shilingi. Msikitini mmesikia habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Hakumpiga. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Mimi naona uzito wote uko kwenye mlango ule uliofungwa. Ukishamfunga kiumbe, njaa yake ni yako, kucha zake ni zako, uzee wake ni wako. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini sitaki mmuangalie mnyama kwa kuogopa askari.

Waliohama siwachukii. Nadhani walimpenda mwanzoni, kisha mtoto akakua, kazi zikawa nyingi, na kwa kuwa hakulia, wakaona yuko sawa. Hilo ndilo ninalowaogopea ninyi, wala si ukatili. Mimi mwenyewe nilipita pale kwenye kona miaka yote ile nikienda sokoni, nikimwona kwa mbali, nikisema kimoyomoyo kwamba sungura wa watu ametulia. Hilo nitalijibu.

Sasa nendeni, nimechoka. Lakini mwenye sungura nyumbani, jioni ya leo, kabla hujakaa kula, chukua tochi uende nyuma ya nyumba. Usimshike masikio. Mkono mmoja uweke chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, umkumbatie asipige teke akajivunja mgongo. Kisha mgeuze taratibu, umtazame nyayo.