Jembe la Mgeni

Aghalabu mtu akusudiaye safari ya mbali huanza kwa hesabu: fedha, siku, nguo za baridi na dawa. Lakini akusudiaye kwenda Bhutan, nchi ndogo ya milima iliyo baina ya India na China, hukuta kwamba wenyeji wamekwisha anza kumhesabia. Kabla hajauliza bei ya chumba wala ya chakula, mgeni wa mbali hupaswa kulipa ada kwa kila usiku atakaolala huko. Mwaka 2022 ada hiyo ilipandishwa ikawa dola 200 za Marekani. Mwaka 2023 ikashushwa hadi dola 100. Raia wa India hutozwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Je, ni haki mgeni kulipishwa mlangoni? Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kipimo hicho Bhutan yaonekana kuwa na haraka, maana jembe hutolewa hata kabla mgeni hajavua viatu. Walakini methali ile ilimkusudia mgeni wa namna nyingine: ndugu, au mpita njia aliyeshikwa na usiku, ambaye akikaa sana atakuwa mmoja wa watu wa nyumba. Mtalii si huyo. Hakuletwa na udugu wala dhiki. Ameletwa na macho yake. Atakunywa maji ya watu, atakanyaga ngazi za monasteri ya Taktsang iliyoshikamana na jabali, kisha ataondoka kabla zamu ya shamba haijamfikia. Kwa kuwa hawezi kushika jembe, na aligeuze fedha. Fedha hiyo huingia katika hazina ya nchi ambayo hutibu na kusomesha watu wake bure, na ambayo katiba yake ya mwaka 2008 yaamuru kwamba asilimia 60 ya ardhi ibaki misitu daima. Ada ya namna hii haina dhuluma.

Itasemwa kwamba humfungia maskini njia. Ni kweli, na jambo hili halina jibu zuri. Bei ni ukuta ambao tajiri hauoni. Haki iliyo safi zaidi yapatikana katika nchi hiyo hiyo, chini ya mlima uitwao Gangkhar Puensum, wenye kimo cha mita 7,570, ambao kilele chake hakijakanyagwa na mtu. Mwaka 1994 Bhutan ilikataza kupanda milima inayozidi mita 6,000, kwa heshima ya imani ya watu kwamba vilele ni makao ya mizimu. Mwaka 2003 upandaji milima ukakatazwa kabisa. Hapo dola haifungui kitu. Tajiri na maskini husimama chini, wakatazama juu, wakarudi. Ada yasema wengi wasije. Katazo lile lasema asipande yeyote, na katika hayo mawili la pili ndilo lenye adabu zaidi.

Lakini hesabu ya safari haijaisha, na sehemu yake nzito haimo katika karatasi za wakala. Nchi hii husifiwa kwa kuufanya uheri wa watu kuwa kipimo cha maendeleo. Huko kusini walikaa wakulima wasemao Kinepali, waitwao Lhotshampa, waliopanda machungwa na iliki kwa vizazi kadhaa. Baada ya sheria ya uraia ya mwaka 1985 ilifuata sensa ya mwaka 1988, na mkulima akatakiwa aonyeshe hati ya kuthibitisha kwamba alikuwa akikaa nchini mwaka 1958. Nani huhifadhi stakabadhi ya kodi kwa miaka thelathini katika nyumba ya udongo? Katika miaka ya mwanzo ya 1990 zaidi ya watu 100,000 walijikuta katika kambi za wakimbizi mashariki ya Nepal. Serikali ilidai kwamba wengi walikuwa wahamiaji wasio na haki, na kwamba wengine waliondoka kwa hiari. Vyovyote isemwavyo, watu walioshika jembe la kweli waliambiwa ni wageni. Na mgeni wa kweli, asiyeshika lolote, hupewa ruhusa kwa picha na pasipoti.

Basi msafiri asiende? Kwa kipimo hicho milango michache sana duniani ingebaki wazi, na hasara ya kususia ingewaangukia dereva na mwongoza wageni, ambao hawakuandika sheria ile. Aende. Ila ajue alicholipia: amelipia msitu na hospitali, hakulipia ukimya wake. Akirudi na sifa za nchi yenye furaha pasipo kuwataja waliotolewa humo, ameibeba ada yake kama hongo.

Kuanzia mwaka 2007 wengi wa watu wa kambi zile walipewa makao mapya ng'ambo, wengi wao Marekani, na Columbus katika jimbo la Ohio una jamii yao kubwa. Msafiri awezaye kumpata mzee mmoja miongoni mwao amwendee kabla ya kukata tiketi, amwombe ataje kijiji chake na mto uliopita karibu nacho, kisha akitafute kwenye ramani ya safari yake.