Mgeni, Mwenyeji na Mkaratusi: Maadili ya Kutambua Miti

Kutambua mti hudhaniwa kuwa kazi ya jicho, si ya dhamiri. Nchini Australia, kwenye asili ya mikaratusi, anayeongozwa msituni hufundishwa kutazama gome, kulinganisha jani changa na jani pevu, na kuchunguza kifuniko cha tumba la ua. Kifuniko hicho ndicho kilichomfanya mwanabotania Mfaransa, L'Héritier, mnamo 1788, aipe miti hiyo jina la Kigiriki lenye maana ya "iliyofunikwa vyema". Spishi zake zinapita 700, na takriban zote ni za huko. Kuzitambua huko ni kuwatambua wenyeji.

Katika Kapsoit, kwenye barabara itokayo Kericho kuelekea Kisumu, mafunzo yayo hayo yanazua suala la kimaadili, kwa kuwa hapo mti huo huitwa mgeni. Je, kuuita hivyo ni kuutambua au ni kuuhukumu?

Mkaratusi uliingizwa Kenya mnamo 1902 ili kuipatia reli kuni. Baadaye viwanda vya chai vikautegemea, kwani majani ya chai hukaushwa kwa moto wa kuni zake. Kwa lugha ya methali, mgeni huyu hakungoja siku ya tatu; alipewa jembe siku aliyowasili. Hata hivyo, ndiye anayelaumiwa chemchemi zinapokauka. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kandokando ya mito na katika ardhi oevu.

Asili pekee haiwezi kuwa kigezo cha hukumu. Mchai nao ulitoka Asia, ukaanza kulimwa katika mashamba makubwa ya Kericho miaka ya 1920, lakini ni nadra kuusikia ukiitwa mgeni. Isitoshe, neno "mwenyeji" limebeba "mwenye" ndani yake, nalo hudai umiliki. Katika nchi ambayo Wakipsigis walinyang'anywa ardhi na serikali ya kikoloni, na ambako ukoo wa Talai ulihamishiwa Gwassi kwa nguvu kuanzia 1934, anayeushtaki mti kwa ugeni wake humwachilia aliyeupanda.

Yamkini itasemwa kwamba madhara ni madhara, awe nani aliyeyasababisha. Hoja hiyo ina uzito: mti ukuao upesi kando ya chemchemi hunywa maji mengi, na aliyekosa maji hafarijiwi na historia. Lakini hoja iyo hiyo ndiyo inayodai utambuzi makini zaidi. Ni mkaratusi wa spishi gani? Umesimama wapi? Umepandwa na nani, na kwa faida ya nani? Asiyeuliza hayo huihukumu jamii nzima ya miti kwa jina moja.

Wala utambuzi hauwezi kuishia kwa mgeni. "Kienyeji" katika Kiswahili humaanisha pia kisicho cha kisasa, na dharau hiyo imeifikia miti kama tebeswet, ambao majani na magome yake ni dawa. Kijana ajuaye bei ya nguzo ya mkaratusi lakini asiutambue tebeswet amepoteza mti pamoja na sehemu ya lugha yake. Methali humwalika mgeni aje ili mwenyeji apone. Mwaliko huo hauna maana pale ambapo mwenyeji mwenyewe hajulikani tena kwa jina.