Je, Inafaa Kumtaja Aliyejiua?

Mtu akijiua, mara nyingi jamaa zake hufanya shauri moja: kunyamaza. Jina lake halitajwi tena nyumbani. Mama yake akilia huambiwa: Nyamaza, watu watasikia. Tuulize basi: kimya hicho ni heshima kwa sheria ya Mungu, ama ni woga wetu tu?

Tutwae mfano wa mbali. Katika mji wa Atlanta, Marekani, kuna kundi la wapiga muziki liitwalo Mastodon, lililoanzishwa mwaka wa 2000. Muziki wao ni ule wa hevi metali: gitaa za umeme zenye sauti nzito ya kukwaruza, ngoma za nguvu, na waimbaji ambao mara nyingi hupiga kelele. Mpiga ngoma wao, Brann Dailor, alifiwa na dada yake walipokuwa vijana. Binti huyo alijiua akiwa na miaka 14. Mwaka wa 2009 kundi lilitoa sahani ya nyimbo saba iitwayo Crack the Skye. Wimbo mmoja wa ndani una jina hilohilo, na Skye ndilo jina la dada yule. Kaka mtu alieleza waziwazi kwamba kazi hiyo ni ya kumkumbuka.

Wengine watasema: Kelele si maombolezo. Tunajibu: hata kwetu matangani watu hawalii kwa sauti ya chini. Mfalme Daudi, alipopata habari ya kifo cha Absalomu, alifunika uso wake akalia kwa sauti kubwa, akimwita mwanawe kwa jina. Na Absalomu alikufa katika uasi, akipigana na baba yake mwenyewe! Daudi hakusifu uasi, alimlilia mwana.

Kukataa tendo ni kitu kimoja, kuhukumu roho ya mtu ni kitu kingine. Kujiua ni kosa zito, maana uhai ni mali ya Mungu, nasi tu watunzaji tu. Zamani, sheria ya Ekleziya ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya kikristu wale waliojiua kwa kusudi, wasipoonyesha majuto kabla ya kufa. Sheria ya mwaka 1983 haiwataji tena kati ya wanaonyimwa. Na Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba ugonjwa mzito wa akili, uchungu ama hofu kubwa vyaweza kupunguza hatia, tena kwamba tusikate tumaini juu ya wokovu wao. Mungu ana njia anazozijua Yeye peke yake. Ekleziya inawaombea. Basi, tutamwombeaje mtu ambaye hatuthubutu kumtaja?

Tena kimya huwaumiza walio hai. Mficha ugonjwa, kilio humfichua. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) linahesabu kwamba katika mwaka wa 2021 watu zaidi ya 700,000 walijiua. Si jambo la nyumba moja. Kijana mwenye mawazo hayo, akiona watu wote wanaliogopa neno lenyewe, atamwendea nani?

Lakini tuangalie namna ya kutaja. Tusisimulie njia aliyotumia marehemu. Tusikipambe kifo chake kama ushujaa ama kama dawa ya taabu. Tutaje maisha yake: kazi ya mikono yake, mambo aliyoyapenda, wema aliotutendea. Na ile nyumba ambayo majirani wanaikwepa, sisi wakristu tuiingie.

Yoabu alimhimiza Daudi atoke akaseme na watu wake. Mfalme akaondoka, akaenda kuketi mlangoni pa mji, watu wote wakamjia. Nasi tufanye vivyo hivyo: tumlilie marehemu kwa jina lake, kisha tukaketi mlangoni pamoja na walio hai.