Deni la Wimbo

Msomaji mpenzi, bila shaka umepata kuwasikia wazee wakiwaonya vijana wa Eldoret wapendao nyimbo za nchi za mbali, kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo ina haki yake. Lakini je, kila aazimaye huwa ameacha kilicho chake?

Mwaka 1950, Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, kusini mwa mji wetu. Huko wasichana walimwimbia habari za Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa, wakimsihi acheze ngoma yao ya kuruka. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Sauti yake ilifika vijijini kwa santuri. Ulimi wa Kikipsigis ukalifinyanga jina lake hata likawa la nyumbani. Wasichana wale hawakutupa kinubi chao wala ngoma yao. Walimkaribisha mgeni, wakamtaka acheze kama wao. Huo si utumwa.

Tena Rodgers mwenyewe alikuwa mwazimaji. Alifanya kazi katika reli, na nyimbo zake nyingi zilichota katika muziki wa Wamarekani weusi, wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Huenda basi, nasema huenda, kitu kilichofika Kapkatet kilikuwa kimeondoka Afrika zamani.

Nipendalo ulipime ni jingine. Wasichana walipoazima, walimtaja mwenyewe. Wimbo wao nao ulisafiri, ukahifadhiwa Afrika Kusini, ukasikilizwa ng'ambo. Lakini ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya nakala yake kurudishwa kijijini, kwa waimbaji waliokuwa hai na jamaa za wenzao. Aliyeuhifadhi alitenda wema, maana bila yeye tusingeusikia leo. Walakini, kuhifadhi si kumiliki.

Siku hizi wimbo huvuka bahari kwa simu. Wanariadha na wanafunzi waliotoka kwetu wanaishi Marekani, na ngoma za nyumbani huwafikia huko kabla ya jua kutua. Nawe labda umekwisha kurekodi sauti ya bibi fulani akiimba arusini, ukaipeleka kwa rafiki wa mbali. Je, ulimtaja jina? Na yeye mwenyewe, umepata kumsikilizisha?