Mtoto Aliyemngoja Mama Yake

Katika sinema ya Kifaransa iitwayo Ponette, iliyotengenezwa na Jacques Doillon mwaka 1996, twaonyeshwa mtoto wa miaka 4 aliyefiwa na mama yake ghafula kwa ajali ya motokaa. Aliposimuliwa kwamba Yesu alifufuka, akaanza kumngoja mama yake arudi vivyo hivyo. Wakubwa hawakuweza kumgeuza. Lakini je, si ndiye aliyelishika neno kama alivyoambiwa?

Basi, tusimwambie yatima kwamba mama yake amesafiri, kwa maana asafiriye hungojwa. Katika Yohana 11 Bwana aliwaambia wanafunzi wake waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Kisha akampa Martha tumaini la ufufuo. Tena, ingawa alijua atakalolitenda, alilia pamoja nao waliolia. Kweli, tumaini, na machozi: mtoto naye apewe hayo matatu.

Ninyi walimu wa makanisa, matanga yakiisha msiache kumwendea. Kaeni karibu naye, msikilizeni aulizapo, ombeni pamoja naye. Nasi sote twamngoja Bwana, atakayewafufua wafu siku ya mwisho. Amina.