Khanga za marehemu mama: Ni kumbukumbu au ni mirathi?

MAMA yetu, Allah amrehemu, alipofariki aliacha nyumba, shamba dogo la minazi na sanduku la khanga. Kwa nyumba na shamba tulimwita ustadhi. Madeni yakalipwa, wosia ukatazamwa, warithi wakahesabiwa na kila mmoja akapewa haki yake. Majirani wakatusifu kwamba watoto wa marehemu wamegawana bila kelele. Kwa sanduku la khanga hatukumwita mtu. Nililibeba mimi, binti mkubwa, nikarudi nalo kwangu Dar es Salaam, na hakuna aliyeuliza.

Ndugu msomaji, naomba leo tulizungumzie sanduku hilo, maana naamini katika nyumba nyingi za Waislamu lipo la namna yake. Swali langu ni hili: kitu cha marehemu kinachochukuliwa kwa mapenzi, tena kwa nia njema ya kumkumbuka, je, kinatoka katika mirathi? Mimi niliamini kinatoka. Nimejifunza kwa uchungu kwamba hakitoki.

Habari yenyewe ilianza na sindano. Binti yangu, ambaye ana jina la bibi yake, alikuwa anakaribia miaka saba. Nikataka kumshonea mfarishi wa viraka, yaani tandiko la kujifunika linalotengenezwa kwa kuunganisha vipande vya nguo mbalimbali. Sikuwa fundi. Ujuzi wangu ulikuwa kurudishia kifungo na kupiga bandi pindo la sketi ya shule. Nikaenda kwa fundi mmoja Kariakoo kumwomba vipande vinavyobaki ili nijifunzie. Akanitengea mafungu mawili. Moja akanipa. La pili akalizuia, akasema hilo ni la wateja ambao hajawauliza. Vipande vyenyewe havikuzidi kiganja cha mkono! Nikamwona mtu wa ajabu, na nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu.

Kazi ilinifundisha adabu. Nilikata kigezo cha boksi, mraba wa inchi 6, nikakata vitambaa vingi kwa kigezo hicho. Sikujua kwamba kila mshono unakula robo inchi upande huu na robo inchi upande ule, hivyo mraba wa inchi 6 unabaki inchi 5 na nusu. Tandiko langu la kwanza likatoka fupi, halimfikii mtoto miguuni. La pili nilichanganya kitambaa kipya na kikuukuu bila kufua kwanza. Kilipofuliwa, kipya kikarudi, kikamvuta mzee mwenzake mpaka akachanika. Nikajua vilevile kwamba tabaka tatu, yaani uso wa viraka, blanketi jepesi la katikati na marekani ya chini, lazima zishikizwe kuanzia katikati kwenda pembeni, la sivyo nguo inajikusanya mikunjo. Niliposhona la tatu mkono ulikuwa umeanza kutulia. Hapo ndipo nikafungua sanduku la mama.

Kuvaa na kutumia viraka si jambo la aibu katika dini yetu. Tumesimuliwa na Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Sayyidna Umar (r.a.) alionekana na viraka mabegani naye ni Amirul Muuminina. Wala kushona nguo za mpendwa aliyeondoka si jambo geni duniani. Nilisoma habari za Gee's Bend, kijiji cha watu weusi katika jimbo la Alabama, Marekani, ambako wanawake wameshona mifarishi ya viraka kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, alichukua nguo za kazi za marehemu mumewe akazishona mfarishi wa kumkumbuka. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilionyeshwa katika makumbusho ya Houston na New York. Na huko Karnataka, India, wako Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika, wakiwemo Waislamu, ambao wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu za familia. Nikajiambia: kama wao wameweza, kwa nini mimi nisiweze kwa mama yangu?

Sanduku lilikuwa na doti 11, yaani vipande 22. Nilikata vipande tisa. Kilichokaa katikati, mahali pa heshima, kilikuwa kisutu cha harusi ya mama, nyekundu yake ikiwa imefifia. Nilikikata miraba, pindo na mji, huku machozi yananitoka, na katika machozi yale nilijiona mtoto mwema.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu wa kike akapiga simu kutoka Muscat anakofanya kazi. Yeye hakupata ruhusa ya kuja kuzika. Tukazungumza habari za nyumbani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, sitaki kingine. Niwekee kile kisutu cha mama. Alikuwa akinifunika nacho nikiwa na homa."

Nilinyamaza. Kisha nikamweleza. Naye akanyamaza. Nikajitetea kwamba sikukiuza, sikukivaa, nimekifanya kumbukumbu ya mama kwa mapenzi. Akanijibu neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Usiniambie mapenzi, dada. Mapenzi yangeuliza."

Nikaenda kwa ustadhi yuleyule aliyetugawia nyumba, nikitarajia atasema hilo ni jambo dogo la wanawake. Hakusema hivyo. Alichukua karatasi. Baba alikwishatangulia. Warithi ni bibi mzaa mama, ambaye yu hai, na sisi watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Bibi ana sudusi, moja ya sita. Inayobaki ni ya watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja. Akaigawa mali katika sehemu 36: bibi 6, kila kaka 10, mimi 5 na mdogo wangu 5. Kisha akaniuliza, "Katika vipande 22, vyako ni vingapi?" Nikapiga hesabu. Ni kama vitatu. Nilikuwa nimekata tisa.

Nikamwambia, "Ustadhi, lakini hizi ni khanga tu." Akanikumbusha Suratun Nisaa, aya ya 7, ambapo Allah (s.w.) ametaja fungu la wanaume na fungu la wanawake katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Hicho kidogo, akasema, hakikutajwa bure. Mtume (s.a.w.) naye alipoagiza watu warejeshe walichochukua katika ngawira, alitaja mpaka uzi na sindano. Ile ilikuwa mali ya jeshi na hii ni mali ya marehemu, lakini zote mbili ni mali yenye wenyewe wengi, na ndiyo maana kila mmoja huona anachochukua hakimuumizi mtu.

Sasa hapa wapo watakaosema kwamba nakaza mambo. Watasema ada zetu zinajulikana, nguo za marehemu huchukuliwa na mabinti, na kaka hawana haja ya khanga. Hoja hii ina uzito wake, siwezi kuidharau. Vipo vitu ambavyo watu kweli hawavijali, na sharia haikuja kututia katika dhiki. Kaka zangu wote wawili nilipowaambia walishangaa, wakasema wamenisamehe, na kwamba hawakuwa na habari nazo.

Lakini tazama kosa la hoja hiyo. Kaka zangu walikuwa radhi, hilo nimelijua baada ya kuwauliza. Kabla ya hapo sikulijua, nililidhani tu, na dhana yangu ilikuwa inanifaidisha mimi mwenyewe. Kwa mdogo wangu dhana ileile ilikuwa batili kabisa. Udogo wa kitu unaamuliwa na mwenye haki nacho, hauamuliwi na mwenye kukitaka. Sokoni kisutu kile hakifiki bei ya kilo chache za mchele. Kwa binti aliyeko ugenini, ambaye hakuuona hata uso wa mama yake mara ya mwisho, kilikuwa ndio urithi wenyewe. Mali ya Muislamu si halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake, na ridhaa haipatikani kwa kubahatisha.

Bibi ndiye aliyenimaliza. Nilikwenda kwake nikiwa na mfarishi mkononi, nikamweleza yote. Akaupapasa kwa vidole, akasema, "Kwenye nyumba mlinihesabu kwa sababu ustadhi alikuwepo. Kwenye nguo za mwanangu hakuwepo hata mmoja wenu wa kunikumbuka, mjukuu wangu?" Hakuwa na hasira. Aliomba khanga moja tu ya kujifunika anaposali. Nilimpa doti nzima nzima, na nikalia njia nzima ileile niliyokuwa nikicheka nilipotoka kwa fundi. Fundi yule, kwa vipande visivyojaa kiganja, alikuwa amewaogopa wateja asiowajua. Mimi sikumkumbuka bibi yangu wala mdogo wangu.

Ndugu zangu, naandika haya kwa sababu naona tunavyofanya. Siku ya tatu baada ya maziko kabati la marehemu linafunguliwa. Nguo nzuri zinachaguliwa na waliopo, zilizobaki zinatolewa sadaka, na sote tunasema Allah amfikishie thawabu. Sadaka kutoka mali ya nani? Warithi wakubwa wakiulizwa wakaridhia, ni jambo la kheri kubwa. Lakini katika warithi akiwemo yatima mdogo, yeye hana hata uwezo wa kutoa ridhaa, na aya ya 10 ya sura hiyohiyo imetaja moto kwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma. Haikusema mali hiyo lazima iwe nyumba. Na huenda shangazi mwenye machozi akabeba koti la marehemu lililokuwa la mtoto huyo.

Sisemi watu wasiweke kumbukumbu. Mfarishi wa viraka ni kitu kizuri, unamfunika mtoto kwa nguo za waliomtangulia. Nasema ombeni kwanza. Kuomba kunachukua simu moja tu. Kungenipunguzia nini mimi? Kaka wangeniachia, bibi angechukua doti yake, na mdogo wangu angenieleza habari ya kisutu na homa, nami nisingekitia mkasi.

Mshono unafumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa hakirudi. Nilifikiri kuiunganisha upya miraba ya kisutu, lakini kila mshono ungekula robo yake, na yeye angekuwa anatazama makovu tu. Mdogo wangu amesema amenisamehe kwa ajili ya Allah, nami nimemlipa fungu lake kwa khanga nzima alizozichagua mwenyewe. Mfarishi upo kwa bibi. Akirudi kutoka Muscat, yeye ndiye atakayeamua uwe wa nani.

Binti yangu aliniuliza tandiko lake liko wapi. Nilimwambia ukweli, kwamba mama alitumia vitu vya watu bila kuwauliza. Sasa namshonea jingine, kwa vipande vitatu vilivyo haki yangu na khanga zangu mwenyewe. Vipande vitatu ni vichache, vitakaa katikati tu. Kila jioni huja kukaa karibu yangu, hushika kipande kimoja na kuniuliza, "Hiki ni chetu?"

Tumuombe Allah (s.w.) awarehemu wazazi wetu, na asijaalie mapenzi yetu kwao yawe sababu ya kuwadhulumu warithi wao.

Wabillahi tawfiq.