Wizi au Ushahidi wa Uongo? Maadili ya Kanuni katika Kozi ya Utangulizi ya Uandishi

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayejiunga na chuo kikuu nchini Kenya hukutana, mapema katika masomo yake, na kozi moja asiyoichagua: stadi za mawasiliano. Awe amekuja kusomea kilimo, uhandisi au fasihi, ni sharti ajifunze kupanga hoja, kunukuu na kutaja marejeleo. Katika Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, magharibi mwa jiji la Nakuru, hali ni hiyo hiyo. Aghalabu siku ya kwanza mhadhiri huwasomea wanafunzi muhtasari wa kozi: mahudhurio, tarehe za kuwasilisha kazi, mgawanyo wa alama kati ya tathmini endelevu na mtihani wa mwisho, na hatimaye onyo kali dhidi ya wizi wa maandishi.

Makala haya yanachunguza onyo hilo la mwisho kwa mtazamo wa kimaadili. Maswali yanayoulizwa ni mawili. Kwanza, kanuni isemayo kwamba kazi iwe ya mwanafunzi mwenyewe inamdai mwanafunzi huyo nini hasa? Pili, chuo kina haki gani ya kumwadhibu aliyeikiuka kanuni ambayo labda hajawahi kufunzwa? Inadaiwa hapa kwamba istilahi ya 'wizi' inalificha kosa lenyewe, na kwamba kosa hilo likishabainishwa, wajibu hauwi tena wa mwanafunzi peke yake.

2. Upungufu wa dhana ya wizi

Wizi, kwa maana yake ya kawaida, ni kumwondolea mtu mali yake bila ridhaa yake. Aibiwaye ng'ombe huamka akalikuta zizi tupu. Lakini mwandishi ambaye aya yake imenakiliwa na mwanafunzi wa Njoro hapotezi aya hiyo. Ingali kitabuni mwake kama alivyoiandika. Yaweza kujibiwa kwamba kilichoibwa ni sifa, wala si maneno. Jibu hili lina uzito kiasi, ila halitoshi, kwa kuwa insha ya mwaka wa kwanza husomwa na mtu mmoja, kisha ikatiwa katika faili. Sifa ya mwandishi haipungui kwa jambo hilo.

Udhaifu wa dhana hii unadhihirika zaidi katika biashara ya insha za kulipiwa. Kwa muda sasa Kenya imejulikana ulimwenguni kama mojawapo ya vituo vikuu vya biashara hiyo. Mnamo 2019 gazeti la The New York Times liliandika habari za Wakenya wanaowatungia insha wanafunzi wa ng'ambo, na mwaka 2024 ilitolewa filamu ya The Shadow Scholars, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford mwenye asili ya Kenya, akiwachunguza waandishi hao. Katika biashara hii hakuna aliyeibiwa: mtunzi ameuza kwa hiari na mnunuzi amelipa. Hata hivyo sheria ya mwaka 2022 ilipiga marufuku utoaji wa huduma hiyo nchini Uingereza, na ni vigumu kumpata mwalimu atakayesema kwamba insha iliyonunuliwa ni halali kwa sababu imelipiwa. Hali kadhalika, insha iliyotungwa na programu ya akili mnemba haina mtu mmoja anayeweza kulalamika kwamba amenyang'anywa. Ikiwa kosa lingalipo hata pale ambapo mwenye mali hayupo au ameridhia, basi kiini chake si wizi.

Kiini hicho ni ushahidi wa uongo. Anayeandika jina lake juu ya insha anamshuhudia msomaji kwamba: hivi ndivyo nilivyosoma, hivi ndivyo nilivyofikiri, na hapa ndipo nilipofika. Mwalimu hutoa alama na maelekezo kwa kuuamini ushahidi huo. Ukiwa wa uongo, mwalimu huwa anamsahihisha mtu asiyekuwapo, na mwanafunzi hukosa jambo ambalo hawezi kulinunua kwingine, yaani mtu wa kujibizana na fikra zake.

3. Jadi ya kuazima

Huenda ikadaiwa kwamba mtazamo huu ni wa kigeni, kwamba jamii za Kiafrika huyachukulia maneno kuwa mali ya wote. Dai hili halina budi kupimwa kwa ushahidi wa fasihi yenyewe. Katika takhmisi, mtunzi huchukua maneno ya mtangulizi wake, akayaongezea mishororo mitatu ili kila ubeti ufikishe mitano. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ambaye ndiye mtunzi wa Al-Inkishafi, ilijengwa kwa njia hiyo juu ya utungo unaohusishwa na Fumo Liyongo. Kuazima huko ni kukubwa kuliko kule kunakomfukuzisha mwanafunzi chuoni. Lakini si udanganyifu, kwani umbo lenyewe linatangaza kilichoazimwa. Jadi hii haikatazi kuazima, bali inadai kwamba mkopeshaji aonekane.

Funzo kama hilo linapatikana katika falsafa. Henry Odera Oruka, katika kitabu chake Sage Philosophy cha mwaka 1990, alipinga tabia ya kuzieleza fikra za Waafrika kana kwamba zimebuniwa na kabila zima bila mwenye kufikiri. Yeye aliwahoji wenye hekima mmoja mmoja na kuwataja kwa majina. Kwake, kulitaja jina ni kukiri kwamba wazo lina mtu aliyelitolea hoja, na ambaye anaweza kuulizwa. Urejeleaji, basi, si adabu ya Kizungu iliyopandikizwa Njoro. Ni namna ya kumheshimu anayefikiri.

Tatizo halisi liko karibu zaidi, nalo ni shule. Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na ambao mtihani wake wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa 2023, insha nyingi zilifundishwa kwa kukariri. Mtoto alipewa maelezo ya macheo, ya hofu na ya furaha, akayahifadhi, na akatuzwa kwa kuyamwaga katika karatasi ya mtihani hata kama kisa alichopewa hakikuyahitaji. Huo haukuwa uongo kamili, kwa maana mtahini alifahamu maneno hayo yalikotoka na hakudai zaidi. Lakini ulikuwa ukimya uliovikwa mapambo. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo hufika chuoni akiwa na imani kwamba kuandika vizuri ni kuandika kama mwingine. Mkono uliompa tuzo jana ndio unaomwadhibu leo, pasipo mtu kumweleza kilichobadilika.

4. Kanuni kama ahadi ya pande mbili

Ikiwa insha ni ushahidi, lazima awepo wa kuusikiliza. Hapa ndipo kanuni nyingi za kozi zinapopungukiwa: zinaorodhesha wajibu wa mwanafunzi bila kutaja wa mwalimu. Darasa likiwa na mamia ya wanafunzi, kazi zikirudishwa zikiwa na alama tupu au zisirudishwe kabisa, mwanafunzi hujifunza haraka kwamba hakuna anayesoma. Anayeamini kwamba hasomwi haoni sababu ya kusema kweli. Hali hiyo haimwondolei hatia, lakini inamwonyesha mshiriki wake.

Yaweza kupingwa kwamba kanuni ikilegezwa kwa mmoja italegea kwa wote, na kwamba usawa unataka adhabu moja kwa kosa moja. Pingamizi hili lina nguvu, hasa mahali ambapo upendeleo ni hatari ya kila siku. Hata hivyo Aristotle, katika kitabu cha tano cha Nicomachean Ethics, alitofautisha haki ya sheria na uadilifu unaoirekebisha sheria pale inaposhindwa kwa sababu ya ujumla wake. Eneo la Nakuru linatoa mfano dhahiri. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika mjini Nakuru na maeneo ya jirani mnamo Januari 2008, na maelfu ya watu wakahama makwao. Kanuni ya tarehe ya mwisho haikuandikwa kwa ajili ya mwanafunzi ambaye nyumba yao imechomwa. Kumwongezea muda si kuivunja, bali ni kuitii nia yake.

Ni uadilifu huo unaotakiwa kwa anayenakili kwa mara ya kwanza. Historia ya Egerton yenyewe inakumbusha kwamba kanuni hubadilika kadiri wanaofundishwa wanavyobadilika: kilianzishwa mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa walowezi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Chuo kinachowapokea watoto wa shule zote hakiwezi kudhani kwamba wote wamekuja na mazoea mamoja ya kuandika.

5. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kosa linaloitwa wizi wa maandishi ni, kwa hakika, ushahidi wa uongo. Kutokana na hilo yanafuata mambo matatu. Kanuni ifundishwe kabla ya kutumiwa kuadhibu, na kazi ya kwanza iliyonakiliwa irudishwe iandikwe upya, mwanafunzi akiwa ameketi na mwalimu. Anayerudia akiwa anajua aadhibiwe bila kuonewa haya, kwani huyo amechagua kusema uongo. Na muhtasari wa kozi, baada ya kueleza kile mwanafunzi anachodaiwa, useme pia kwamba kila kitakachoandikwa kitasomwa. Chuo kisichoweza kuitimiza ahadi hiyo kipunguze idadi ya insha kinazozidai kabla ya kuongeza ukali wa adhabu.